Tofali la Majivu ya Pumba: Kompyuta Hukadiria, Jaribio Huamua

Kandokando ya barabara za Tabata, mafundi hufyatua matofali ya saruji na mchanga, kisha huyamwagilia maji kwa siku kadhaa ili yakomae. Saruji hiyo ina gharama isiyoonekana katika bei yake. Malighafi yake huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na kila kilo 100 za mawe safi ya chokaa hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, mbali na moshi wa nishati inayotumika.

Sehemu ya saruji yaweza kubadilishwa kwa majivu ya pumba za mpunga. Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba, nazo zikiungua huacha kilo 40 hivi za majivu yenye silika nyingi. Silika hiyo huungana na chokaa inayotokea saruji inapokutana na maji, na kuliimarisha tofali.

Hata hivyo, joto la tanuri ndilo lenye uamuzi. Chini ya nyuzi 700 hivi, silika hubaki bila fuwele na huungana upesi na chokaa. Joto likizidi sana, hugeuka fuwele: tofali hudhoofu, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huweza kuleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usioponyeka. Mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitambua silika ya fuwele inayovutwa kazini kuwa kisababishi cha saratani.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Kielelezo chake hukadiria joto la kila sehemu ya tanuri kwa kufuata kiasi cha pumba, hewa na muda, hivyo mtafiti hujaribu mipangilio michache tu. Kisha majivu huchunguzwa kwa eksirei ili kutafuta fuwele, na matofali hupimwa nguvu baada ya siku 28. Kielelezo kilichochukulia pumba kuwa kavu kitakosea kwa pumba zilizolowa masika. Majibu yakitofautiana, kinachorekebishwa ni kielelezo, si vipimo.

Kwa hiyo, fundi asitumie majivu ambayo hayajapimwa. Hata yaliyopimwa yaloweshwe kabla ya kuchanganywa, na mchanganyaji avae barakoa ya kuzuia vumbi laini; kitambaa cha kawaida hakitoshi. Tofali linalopunguza hewa ya ukaa lakini likaharibu mapafu ya mfyatuaji bado halijakamilika kubuniwa.