Fidia ya Mfanyakazi Aliyeumia Kazini

Mara nyingi mtu akianguka kazini akavunjika mguu, tajiri wake humpa pole na fedha kidogo, kisha habari husahauliwa. Lakini mguu ukilemaa, nyumba nzima hulemaa pamoja nao. Basi yafaa tujue ya kwamba katika Tanzania Bara fidia si sadaka itokayo katika huruma ya tajiri. Ni haki iliyowekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008.

1. Fedha hutoka wapi?
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri, awe serikali au mtu binafsi, hutoa mchango kila mwezi. Tangu mwaka 2022 kiasi chake ni nusu ya sehemu moja katika mia ya mishahara anayolipa. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hulipiwa shilingi 3,000. Fedha hizo ni za mwajiri mwenyewe. Hana ruhusa kuzikata katika mshahara wa mtu wake. Haba na haba hujaza kibaba: wengi hutoa kidogo, ili siku ya ajali mwajiri mmoja asielemewe, wala aliyeumia asikose kwa sababu tajiri wake hana kitu.

2. Aliyeumia hupata nini?
Kwanza, matibabu. Pili, akishindwa kufanya kazi kwa muda, hupewa sehemu 70 katika mia ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Yule wa shilingi 600,000 hupata 420,000 kwa mwezi. Tatu, akibaki na kilema, hupimwa: kisichozidi sehemu 30 katika mia hulipwa kwa mkupuo mmoja, kikizidi hapo, hulipwa kila mwezi. Akifa, Mfuko husaidia maziko, na mjane na watoto hupata malipo yao. Maradhi yaletwayo na kazi yamo pia.

Wala haulizwi kwanza, "Kosa ni la nani?" Aliyeteleza kwa kutoangalia hupata haki yake. Lakini ulevi kazini, au ukaidi wa makusudi, waweza kumnyima mtu fidia.

3. Haki hupoteaje?
Kwa kunyamaza. Mfanyakazi hana budi kumwarifu mwajiri upesi. Mwajiri naye ana siku 7 za kuuarifu Mfuko. Miezi 12 ikipita bila habari kufika, haki yaweza kupotea. Wako waajiri wasemao, "Tuyamalize wenyewe," nao wako wafanyakazi wafichao maumivu kwa hofu ya kufukuzwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mgongo uumao kidogo leo waweza kumlaza mtu kitandani mwakani. Hapo ushahidi utatafutwa wapi? Basi siku ile ile andikeni tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona; tena tunzeni karatasi za hospitali.

4. Nasi je?
Usharika ulioajiri mlinzi au mpishi ni mwajiri kama mwenye kiwanda. Wazee na waulizane: je, watu wetu wameandikishwa katika Mfuko? Tusimwombee aliyeumia huku tukimnyima haki yake.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini mchango haukatwi katika mshahara?
2. Mtu akiumia leo, nani amwarifu nani, na kwa siku ngapi?
3. Katika usharika wetu, ni nani waliotuajiriwa, na nani anayewatolea mchango?