Imamu, Mchungaji na Karatasi Yako ya Kura

Somo la safari hii limetokana na swali la mama mmoja wa darasa letu. Aliinua mkono akasema: "Mwalimu, kanisani kwetu tumeambiwa tumpigie kura fulani, kwa sababu ni mtu wa Mungu na ni wa kwetu. Nisipompigia, nimetenda dhambi?" Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo swali kama hilo limeshawahi kugharimu watu nyumba zao, wengine uhai.

Swali la dhambi nilimwachia yeye na Mola wake. Lakini sehemu ya pili, yaani kama inaruhusiwa kuambiwa hivyo, ina jibu katika sheria ya nchi hii, na jibu hilo lilipatikana kwa kesi kubwa hapahapa London. Tuisome taratibu.

London ina halmashauri 32, ukiacha ile City ya katikati. Mojawapo ni Tower Hamlets, upande wa mashariki, kuanzia karibu na ngome ya Tower hadi kwenye maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf. Ni mahali pa wageni tangu zamani. Ukipita Brick Lane utaona msikiti kwenye kona. Jengo lile lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha sinagogi la Wayahudi waliokimbia mashariki ya Ulaya, na tangu 1976 ni msikiti wa watu ambao wengi wao asili yao ni Bangladesh. Jengo moja, na kila aliyeingia alikuta wenyeji wakinung'unika kwamba wageni wamezidi.

Manung'uniko hayo yaliwahi kuingia kwenye sanduku la kura. Septemba 1993, katika uchaguzi mdogo wa udiwani kata ya Millwall, alishinda Derek Beackon wa chama cha BNP, chama kilichowachukia wageni waziwazi. Alishinda kwa kura 7. Hoja yake kubwa ilikuwa nyumba za halmashauri: kwamba Wabengali wanapewa wao kwanza, na wazungu wanaachwa kwenye foleni. Ukweli ni kwamba nyumba zilikuwa haba kwa kila mtu. Mei 1994 uchaguzi ulirudi. Kura zake ziliongezeka, lakini waliojitokeza kumpinga walikuwa wengi zaidi, akaondoka. Nimeanza na kisa hiki makusudi, kwa sababu ukisoma magazeti ya hapa unaweza kudhani ukabila katika siasa ni ugonjwa ulioletwa na wageni kwenye mizigo yao.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Mwaka 2010 Tower Hamlets ilipata kwa mara ya kwanza meya mwenye mamlaka anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Aliyeshinda ni Lutfur Rahman, mwanasheria mzaliwa wa Bangladesh aliyekulia hapa. Chama cha Labour kilikuwa kimemteua, kisha kikamwondoa. Akasimama kama mgombea binafsi na kuwashinda. Tarehe 22 Mei 2014 aligombea tena, mpinzani wake mkubwa akiwa John Biggs wa Labour, akashinda kwa tofauti ya kura elfu tatu na kidogo. Kumbuka kwamba kwa sensa ya 2011 karibu theluthi moja ya wakazi wa Tower Hamlets walikuwa wa asili ya Bangladesh, na wengi wao ni Waislamu.

Wapiga kura wanne wa kawaida walifungua kesi ya kupinga matokeo. Ndiyo, wapiga kura, si chama wala serikali. Hapa sheria inawaruhusu. Tarehe 23 Aprili 2015 jaji Richard Mawrey alibatilisha uchaguzi na kumzuia Rahman kugombea kwa miaka 5. Rahman alikana tuhuma zote. Polisi walichunguza baadaye, na hakushtakiwa kwa kosa lolote la jinai.

Makosa aliyoyataja jaji yalikuwa mengi, yakiwemo udanganyifu wa kura na fedha za ruzuku za halmashauri kutumika kununua uungaji mkono. Kwa somo letu nachukua mawili tu.

La kwanza ni uongo juu ya mpinzani. Kampeni ya Rahman ilieneza kwamba Biggs ni mbaguzi wa rangi. Jaji alisema haikuwa kweli, na sheria inakataza kutoa taarifa ya uongo kuhusu tabia ya mgombea ili kumharibia. Wanafunzi wangu hushangaa hapo. Wanajua kwamba kumtukana mtu kwa kabila lake ni kosa. Hawakujua kwamba hata kumsingizia mtu ubaguzi ili upate kura za kabila lako kunaweza kukufikisha mahakamani.

La pili ndilo swali la mama yetu. Siku chache kabla ya kura, gazeti moja la Kibengali la London lilichapisha barua iliyotiwa saini na maimamu na wanazuoni 101. Iliwahimiza wasomaji wamchague Rahman. Jaji aliona kwamba barua hiyo, kwa jinsi ilivyoandikwa na kwa heshima ya waliotia saini, ilimfanya Mwislamu aone kura kwa Rahman ni wajibu wa dini. Hilo, alisema, ni shinikizo la kiroho lisilo halali.

Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya Waislamu. Ilitokana na karne ya 19, Ireland ilipokuwa chini ya Uingereza na mapadri wa Kikatoliki wakiwaelekeza waumini upande wa kupigia kura. Mwaka 1892 chaguzi mbili za jimbo la Meath zilibatilishwa kwa sababu hiyo. Askofu alikuwa ameandika waraka dhidi ya wafuasi wa kiongozi mmoja wa kisiasa, ukasomwa makanisani. Kisha sheria ikalala usingizi mrefu, hata wanasheria wengi wakaisahau, mpaka ilipoamshwa Tower Hamlets.

Na hapo ndipo wengi walipokasirika, wala hasira yao si ya kupuuzwa. Waliuliza: mbona maaskofu wa Kanisa la Anglikana huandika barua kuhusu siasa bila kupelekwa mahakamani? Kweli, Februari 2015, wiki chache kabla ya hukumu, maaskofu hao walitoa waraka mrefu kuhusu uchaguzi mkuu. Tofauti ni kwamba waraka ule haukutaja mtu wa kuchaguliwa. Wengine waliona pia kwamba jaji aliwachukulia wapiga kura wa Kibengali kama watoto wasioweza kusikia maneno ya imamu na bado wakafikiri wenyewe. Mimi naona lawama hiyo ina uzito. Mtu mzima aliyevuka bahari akaanza maisha upya anaweza kumheshimu sheikh wake na bado akampigia mtu mwingine. Nimewaona wengi.

Hata hivyo, Bunge halikuifuta sheria. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2022 iliandika upya kifungu hicho, na shinikizo la kiroho limebaki humo. Rahman naye, kifungo chake cha miaka 5 kilipokwisha, aligombea tena Mei 2022 na kumshinda yuleyule Biggs. Jaji alisema lake, na wapiga kura nao wakasema lao.

Basi mpaka uko wapi? Mchungaji anaweza kuhubiri kuhusu haki, njaa, vita na wakimbizi. Anaweza, akiwa mtu binafsi, kukwambia yeye anampenda nani. Anachokatazwa ni kukubana kwa jina la Mungu: usipompigia huyu utalaaniwa, hutapewa sakramenti, hatutakuzika. Maneno ya namna hiyo, hata yakisemwa kwa sauti ya upole, yanaweza kuwa kosa la jinai. Kuna na jambo jingine. Makanisa na misikiti mingi hapa ni mashirika ya hisani kisheria, na shirika la hisani haliruhusiwi kuunga mkono chama wala mgombea. Kwa sababu hiyohiyo, hata jarida hili halitakwambia umchague nani, ukituuliza mara kumi.

Kumpigia mtu wa kwenu si kosa. Waayalandi, Wayahudi na Wabengali wa mashariki ya London wote walipata madiwani wao wa kwanza kwa namna hiyo, na mara nyingi ndipo halmashauri ilipoanza kusikia shida zao. Wala Uingereza haikatazi chama kujiita cha dini fulani. Kwetu ni tofauti. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza vyama vya msingi wa dini au kabila, na Tanzania ina katazo kama hilo tangu sheria ya vyama vya siasa ya 1992. Wapwani wa Mombasa watakumbuka chama cha Kiislamu cha IPK kilivyonyimwa usajili miaka hiyohiyo, na vurugu zilizofuata mitaani. Hapa chama kinaachwa kijitangaze. Kinacholindwa ni wewe na kalamu yako ndani ya kibanda cha kura.

Waliokuwa watu wazima Kenya mwaka 1988 wataelewa thamani ya kibanda hicho haraka kuliko sisi wengine. Ile ilikuwa mwaka wa mlolongo: katika mchujo wa KANU ulipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wako, hadharani, mbele ya chifu, mwajiri na jirani. Nani angethubutu kusimama peke yake kwenye foleni fupi? Uingereza nayo iliwahi kupiga kura kwa kutamka jina kwa sauti, na mwenye ardhi akisikiliza nani ni nani. Kura ya siri ililetwa na sheria ya 1872. Sheria nyingine ya 2023 imeongeza kwamba mtu haruhusiwi kukufuata ndani ya kibanda au kusimama karibu ili kukuelekeza. Awe mume, kaka au mzee wa jamii, ni marufuku. Ukihitaji msaada kwa sababu ya macho au ulemavu, waambie wasimamizi wa kituo. Kuna utaratibu wake.

Kura ya posta ndiyo yenye hatari zaidi, maana inajazwa nyumbani, mezani, mbele ya watu. Jaza mwenyewe, funga bahasha mwenyewe, peleka kwenye sanduku la posta. Mtu wa kampeni akibisha hodi akajitolea kukuchukulia bahasha, mkatalie. Sheria haimruhusu kuishika, isipokuwa awe ndugu yako wa karibu au mtu anayekuhudumia.

Sasa nani anapiga kura? Hapa darasa hugawanyika, na huwa naona nyuso zinavyobadilika. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wanaoishi hapa kwa kibali halali na wametimiza miaka 18, wanaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata kabla ya kuwa raia wa Uingereza. Lakini ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Somalia, hata wakiwa wametambuliwa kuwa wakimbizi, hungoja mpaka wapate uraia. Watu wawili wanaishi ngazi moja, watoto wao wanasoma shule moja, mmoja anapiga kura na mwingine hapigi. Siwezi kukwambia ni haki. Naweza kukwambia tu usijiandikishe kwa kudanganya uraia wako, kwa sababu hilo ni kosa na linaweza kukuharibia maombi yako mengine.

Ukienda kituoni utadaiwa kitambulisho chenye picha. Pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura iwe bado ni yako. Viza ya kielektroniki iliyo kwenye simu haikubaliwi. Usiye na kitambulisho chochote kinachofaa unaweza kuomba cheti cha mpiga kura. Ni bure, lakini kiombe mapema, kabla ya wiki ya uchaguzi.

Kwa kipindi kijacho, fikiria mambo haya mawili, ukayajadili na mwenzako. Mgombea anapita mtaani kwenu akiongea Kiswahili safi, anawaita "ndugu zangu", lakini hasemi chochote kuhusu unyevu unaoozesha kuta za nyumba zenu. Utamwuliza nini? Na kama wewe ni mzee wa kanisa au wa msikiti, na kijana anakuja kukuuliza ampigie nani, utamjibuje bila kuvuka ule mpaka? Mama aliyeanzisha somo hili ameahidi kuja na jibu lake la swali la pili. Amesema lile la dhambi bado analifikiria.