Wasifukazi wa Kwanza wa Mwanafunzi wa Shule ya Upili: Baina ya Insha ya Mtihani na Hati ya Kweli

Utangulizi

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, watahiniwa wa KCSE hutamatisha mitihani yao na kuagana na sare za shule. Watakaojiunga na vyuo vikuu hukaa nyumbani miezi kadhaa kabla ya kuitwa. Wengine hawaitwi kamwe. Katika kipindi hicho cha kungoja, kijana huambiwa na mjomba, na jirani, au na tangazo lililobandikwa kwenye dirisha la duka, kwamba alete wasifukazi wake. Hapo ndipo hutokea jambo la kushangaza. Kijana huyu amefunzwa wasifukazi darasani, na huenda ameuandika mara kadhaa katika mitihani ya majaribio akatuzwa alama za kuridhisha. Hata hivyo, hukimbilia mkahawa wa intaneti na kumlipa mhudumu ili amtungie hati ya maisha yake mwenyewe, maisha ambayo mhudumu huyo hayajui.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza kiini cha hali hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba wasifukazi hufunzwa kama utanzu wa kubuni ilhali maishani unadaiwa kuwa utanzu wa kweli, na kwamba mwanafunzi haonyeshwi njia ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Istilahi na mzizi wake

Istilahi yenyewe haijatulia. Baadhi ya waandishi hutumia wasifukazi, wengine tawasifukazi, wengine wasifu-taala. Mitaani watu husema sivii na kuelewana vyema. Katika fasihi, wasifu ni maisha ya mtu yanayosimuliwa na mtu mwingine, kama alivyofanya Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti Binti Saad, ilhali tawasifu ni maisha ya mtu yanayosimuliwa na mwenyewe, kama alivyofanya mwandishi huyo huyo katika Maisha Yangu. Kwa kigezo hicho tawasifukazi lingekuwa jina sahihi zaidi, maadamu mwombaji kazi hujieleza mwenyewe. Hata hivyo, wasifukazi limezoeleka, na ndilo litakalotumiwa hapa.

La muhimu zaidi ni kwamba maneno wasifu na sifa yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Sifa ya maji ni umajimaji wake. Hayo si pongezi kwa maji. Mwanafunzi akisahau maana hiyo ya asili, huchukua sifa kwa maana ya kutukuza, naye huishia katika moja ya makosa mawili: ama hujitukuza kupita kiasi, ama huona haya akanyamaza.

Haya hiyo si ya kupuuzwa. Mtoto aliyelelewa akiambiwa kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza hawezi kuketi siku moja akajitembeza kwenye karatasi bila kusitasita. Methali hiyo inatawala mikono ya vijana wengi wanapofika kwenye sehemu ya kujieleza, hasa wasichana, na walimu hawaizungumzii kabisa wanapofunza mada hii.

Majigambo na wasifukazi

Fasihi simulizi ina jibu ambalo halijatumiwa ipasavyo. Mwanafunzi yule yule anayefunzwa wasifukazi katika kipindi cha insha hufunzwa majigambo, au vivugo, katika kipindi cha fasihi. Katika majigambo fanani hujinaki kwa nafsi ya kwanza. Hutaja jina na nasaba yake, huorodhesha matendo yake ya kishujaa, na hutumia chuku bila kuona haya. Jamii haimwoni kuwa mpungufu wa adabu. Kwa nini? Kwa sababu anajigamba mbele ya watu waliokuwapo. Waliokwenda naye vitani au mawindoni wamesimama hapo hapo wakisikiliza, na akizidisha mno, watamcheka.

Wasifukazi una vijenzi karibu vyote hivyo: jina, mahali mtu alikotoka, orodha ya matendo, na mashahidi ambao katika hati hii huitwa warejelewa. Kinachokosekana ni chuku tu. Mwalimu akiufafanua kama majigambo yaliyonyang'anywa chuku, mwanafunzi hupata mambo mawili kwa mkupuo: ruhusa ya kujitaja, na kipimo cha kujitaja. Kipimo chenyewe ni shahidi. Jambo lisiloweza kuthibitishwa na hata mtu mmoja aliyekuwapo halina nafasi kwenye ukurasa huo.

Wasifukazi wa karatasi ya mtihani

Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, yaani 102/1, swali la kwanza ni la lazima na hutahini uandishi wa kiuamilifu. Mtahiniwa hutarajiwa kuandika insha isiyopungua maneno 400, nayo hutuzwa alama 20. Wasifukazi ni mojawapo ya tungo zinazoweza kutahiniwa hapo, pamoja na barua rasmi, kumbukumbu, ripoti, hotuba na nyinginezo.

Sasa hebu tutazame analolazimika kufanya mtahiniwa wa miaka kumi na saba. Mara nyingi swali humweka katika nafasi ya mtu mzima anayeomba kazi ya hadhi. Kwa hivyo hujizulia shahada, hujipa tajriba ya miaka kumi katika kampuni mbili, hujiandikia nambari ya kitambulisho ilhali kitambulisho cha kitaifa hutolewa mtu akishatimiza miaka kumi na minane, na chini ya hali ya ndoa huandika kwamba ameoa na ana watoto wawili. (Wapo wanaotaja hata majina ya watoto.) Idadi ya maneno nayo humsukuma kurefusha, na hati ambayo ubora wake ni ufupi hugeuka kuwa maelezo marefu.

Hakuna ubaya katika kubuni. Fasihi yote imesimama juu yake. Tatizo ni kwamba baada ya miaka minne ya kubuni, mwanafunzi amejifunza kwamba wasifukazi ni hati ya mtu mwingine, mtu mwenye shahada na kazi. Akijitazama mwenyewe haoni cha kuandika. Basi huandika maisha ya yule mtu wa mtihani, na safari hii mbele ya mwajiri. Uongo uliotuzwa alama darasani huweza kumkosesha kazi, na ukigunduliwa baada ya kuajiriwa, kumfukuzisha.

Safu ya tajriba

Safu inayowatisha wengi ni ile ya tajriba. Kijana hajawahi kuajiriwa, kwa hivyo huiacha tupu, au huijaza kwa maneno ya jumla. Chukua mfano wa kubuni wa msichana ambaye mama yake huuza mboga sokoni, naye humsaidia kila likizo. Hati ya kwanza huandika hivi: Nina tajriba ya biashara. Hati ya pili, iliyotungwa na mhudumu wa mkahawa wa intaneti, huandika: Meneja wa mauzo, kampuni ya mazao ya shambani. Ya kwanza haisemi chochote. Ya pili inasema lisilokuwapo. Hati ya tatu ingeandikwa hivi: Likizo za Aprili, Agosti na Desemba, 2024 hadi 2025. Nilihudumu katika kibanda cha mboga cha familia. Nilipokea malipo ya fedha taslimu na ya M-Pesa, niliweka daftari la wateja wanaokopa, na kufunga hesabu kila jioni.

Hati hiyo ya tatu haina chuku hata chembe, lakini msomaji wake anajua kwamba msichana huyu ameshika fedha zisizo zake, anajua kuhesabu, na anaweza kumwambia mteja mzima kwamba deni lake limepita kiasi. Mwenye duka anayetafuta msaidizi hahitaji zaidi ya hayo.

Shule nayo imejaa tajriba isiyoitwa kwa jina hilo. Kiranja wa maktaba aliyefuatilia vitabu visivyorudishwa, katibu wa chama cha Kiswahili aliyeandika kumbukumbu za mikutano, mwigizaji aliyefika tamasha za drama, skauti, mshiriki wa Tuzo ya Rais aliyehitimu daraja la shaba au fedha: wote hawa wana matendo na mashahidi. Ajabu ni kwamba katibu wa chama hufunzwa kumbukumbu kama insha, huziandika kwa kweli kila mkutano, kisha husahau kuzitaja mahali pekee ambapo zingemfaa.

Kuhusu safu ya elimu hakuna mengi. Huanza na shule ya karibuni kurudi nyuma. Asiyepokea matokeo aandike kwamba yanasubiriwa, wala asijikisie gredi. Waliojiunga na kidato cha kwanza kufikia mwaka wa 2024 wana matokeo ya KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtu akishapata cheti cha KCSE, alama za shule ya msingi hazina uzito tena.

Kiambishi cha nafsi

Kuna suala la kisarufi linalostahili kuzingatiwa na wanafunzi wa isimu. Katika hati za Kiingereza kitenzi huweza kuanza mstari bila mtenda kutajwa. Kitenzi cha Kiswahili katika sentensi ya taarifa kwa kawaida hakiwezi. Kwa kawaida hubeba kiambishi cha nafsi. Mwandishi ana njia tatu. Anaweza kuandika nilisimamia, na kurudia ni- mwanzoni mwa kila mstari mpaka ukurasa usikike kama mtu anayejipigapiga kifua. Anaweza kuandika kusimamia, ambako nafsi na wakati vyote hupotea. Au anaweza kuandika usimamizi wa maktaba, ambako tendo lenyewe huganda likawa nomino.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa kwa sababu inasikika rasmi. Hata hivyo, ndiyo inayoficha zaidi: usimamizi ni wa nani, na ulifanywa lini? Kwa hati ya kwanza, yenye mistari michache, njia ya kwanza ni bora. Kiambishi ni- kikifuatwa na -li- humfunga mwandishi kwa nafsi na kwa wakati, na ni vigumu zaidi kusema uongo kwa nilifunga hesabu kuliko kwa usimamizi wa fedha. Pale tarehe zinapoandikwa pembeni, kusimamia nako kunatosha.

Ya faragha na ya mashahidi

Vielelezo vingi vinavyotumiwa bado hudai dini, hali ya ndoa, na nambari ya kitambulisho. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, hali ya ndoa na asili ya kikabila, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inayachukulia maelezo kama hayo kuwa jambo la kulindwa. Mwanafunzi hana sababu ya kuyatoa kwa mtu asiyemjua. Jina, simu inayopatikana, anwani ya baruapepe yenye jina lake halisi badala ya lakabu ya kimzaha, na mji anakoishi vinatosha.

Warejelewa nao hutajwa kiholela. Mwalimu mkuu wa shule yenye wanafunzi elfu moja huenda asimkumbuke mwombaji. Mlezi wa chama anamkumbuka. Jamaa wa karibu hafai, hata akiwa na cheo. Aidha, mrejelewa huombwa ruhusa kabla ya nambari yake ya simu kuandikwa, na huambiwa ni kazi gani inayoombwa.

Zoezi la darasani

Yapo malalamiko kwamba waajiri wengi nchini hutaka hati ya Kiingereza, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini hayaondoi kazi ya mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa uteuzi wa matendo hutangulia uteuzi wa lugha. Aliyejua kutenganisha tendo na chuku kwa Kiswahili atalitenganisha kwa lugha yoyote.

Mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kutenga vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi waandike wasifukazi wa mtahini, wenye shahada na miaka kumi ya tajriba. Katika cha pili waandike wao wenyewe, ukurasa mmoja, bila kubuni lolote, kisha wabadilishane karatasi wawili wawili. Msomaji awe msaili. Auulizie kila mstari: lini, wapi, na nani aliona? Mstari usiopata majibu upigwe kalamu na mwenyewe, na nafasi yake iachwe wazi mpaka akumbuke jambo alilolitenda.