Kodi Iliyorejeshwa na Nafaqa ya Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya: limeletwa katika darsa yetu swali kutoka Golbanti, huko Mto Tana, nasi tumeona kuwa jawabu lake litawafaa wengi, wa kando ya mto na wa miji ya pwani.

Swali ni hili. Mtu alikuwa na kazi ya mshahara. Akamwacha mkewe, na mtoto akakaa na mamake Garsen. Nafaqa ya mtoto ikapangwa kwa kutazama fedha inayomfikia baba mkononi baada ya kukatwa kodi. Baadaye serikali ikamrejeshea kodi aliyokatwa zaidi. Mama asema: "Haya ni mapato, na mwanangu ana fungu lake humo." Baba asema: "Haya si mapato. Ni mali yangu ilichukuliwa, nayo imerudi." Yupi kati yao mwenye haki?

Kwanza na tuifahamu fedha yenyewe. Katika Kenya mwajiri hukata kodi ya mshahara mwezi kwa mwezi, kana kwamba mtu atafanya kazi mwaka mzima. Chukua mtu aliyefanya kazi miezi 6 ya mwanzo ya mwaka 2024, kisha kazi ikakoma, asipate nyingine. Na mshahara wake unaotozwa kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka ule, na baada ya msamaha wa shilingi 2,400, alikatwa kila mwezi kiasi cha shilingi 4,383. Jumla yake ni kama 26,300. Lakini ukihesabu mwaka wote, mapato yake ni shilingi 240,000, ambayo yote yamo katika fungu la chini la asilimia 10. Kodi yake ni 24,000, na msamaha wa mwaka ni 28,800. Basi hakuwa akidaiwa hata senti. Akipeleka hesabu zake, ambazo mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, ana haki ya kudai arejeshewe zote.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba baba amesema kweli kwa neno moja na amekosa kwa jingine. Ni kweli kuwa fedha hii ni yake tangu mwanzo, wala si zawadi. Lakini kwa kuwa ni ujira wake mwenyewe uliochelewa kumfikia, vipi atasema haimo katika uwezo wake?

Tena sheria yetu haikuanza na neno "mapato". Katika Suratu Talaq, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameamrisha mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyedhikishiwa riziki atoe katika kile alichopewa. Na Hindu binti Utba alipomshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mumewe ni mtu wa choyo, alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wametenga mambo mawili. Chakula cha mke kina kipimo: muddi 2 kwa tajiri, muddi 1 na nusu kwa wa katikati, na muddi 1 kwa maskini. Ama nafaqa ya mtoto haina kipimo. Ni kifaya, yaani kiasi cha kumtosha kwa chakula, nguo, makazi na dawa. Nayo humlazimu baba kwa kile kinachozidi chakula chake na cha mkewe kwa mchana na usiku wake.

Ukishika asili hii, hukumu itakubainikia kwa sura tatu.

Ya kwanza: ikiwa mtoto alikuwa hatoshelezwi kwa kuwa baba alisema hana, basi marejesho hayo ni wasaa uliofunguka, na ni wajibu akamilishe kilichopungua. Wanavyuoni wamesema kuwa kinachouzwa kulipia deni huuzwa pia kwa nafaqa hii. Sembuse fedha taslimu iliyo mkononi?

Ya pili: ikiwa mtoto anatoshelezwa, chakula kipo, nguo ipo na paa lipo, mama hana fungu katika marejesho kwa sababu tu yamekuja. Mtoto si mshirika katika biashara ya babake hata agawiwe faida. Baba akizidisha, hiyo ni hisani yenye thawabu.

Ya tatu: ikiwa nafaqa ilipangwa kwa kutazama mshahara kamili kabla ya kukatwa kodi, basi fedha hii imekwisha kuhesabiwa. Kuihesabu mara ya pili ni dhuluma, na dhuluma haiwi haki kwa kuwa aliyedhulumiwa ni mwanamume.

Yamebaki mambo mawili ambayo watu huyafanya mchezo. Wako wanaosema: "Nafaqa ya mtoto ya siku zilizopita haiwi deni, basi tukawie." Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu siku ikipita nafaqa hiyo haigeuki deni, ila kadhi akiamuru au akiruhusu kukopa juu ya baba. Lakini likianguka deni, dhambi ya kumwacha mtoto na njaa haikuanguka. Na mama mwenye haki asingoje mwaka. Aende kwa kadhi mapema apate amri.

Na wako wasiopeleka hesabu zao kusudi, ili fedha isionekane. Hawa wajue kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba baba awezaye kuchuma analazimika kuchuma kwa ajili ya mtoto wake. Ikiwa amelazimishwa kutoka jasho shambani, atasamehewaje kuidai haki yake iliyokwisha kuchumwa?

Marekani, tangu mwaka 1981, serikali huyazuia marejesho ya kodi ya mzazi mwenye deni la matunzo ya mwanawe. Haifai sisi, tulio na Kitabu, tungoje kushikwa mkono. Ni aibu iliyoje fedha hii iliwe katika karamu ya harusi mpya, na mtoto wa harusi ya kwanza amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule!

Basi jawabu letu kwa ndugu zetu wa Golbanti ni hili: wasianze kuuliza fedha hii inaitwaje. Waulize kwanza, je, mtoto ametoshelezwa? Wallahu aalam.