Kumwamini Mungu ili Usipoteze: Piga Hesabu Kabla ya Kuweka Dau

Umeshaisikia hoja hii. Pengine kwenye kijiwe cha bodaboda pale Somanda, Bariadi, pengine msibani, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi baada ya kuzika. "Mimi naamini tu. Mungu akiwepo, nimepona. Asipokuwepo, nimepoteza nini?" Anayesema ni kijana mwenye mkeka wa kubeti wa Jumamosi mfukoni, au mzee ambaye mara ya mwisho kukanyaga kanisani ilikuwa siku ya ndoa yake.

Usiidharau. Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa 1623, alikuwa bingwa wa hesabu. Mwaka 1654 aliandikiana barua na mwenzake Fermat kuhusu namna ya kugawana dau la kamari iliyokatizwa kabla ya kwisha. Baadaye akaielekeza hesabu hiyo kwa Mungu, kwenye maandishi yaliyochapishwa 1670, miaka 8 baada ya kifo chake. Na karne kadhaa kabla yake Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, alishamjibu mwenye shaka kwa hoja ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kijiwe chako kimekaa na watu wakubwa.

Msimamo wangu nakupa mapema: hoja hii ni sababu nzuri ya kuanza kutafuta. Kama sababu ya kuishia hapo, ni mbovu. Ukitaka kuitumia, itumie hivi.

Andika dau lako kwa kalamu

"Nimepoteza nini?" ni swali. Basi lijibu. Chukua karatasi, andika kila kitu ambacho imani unayoifikiria itakudai kwa mwaka mzima.

Anza na fedha. Tuseme msimu huu AMCOS imekulipa milioni 1 ya pamba. Zaka ya moja ya kumi ni 100,000. Hapo bado sadaka za kila ibada, mchango wa jengo na sare ya kwaya. Kwa Muislamu, zaka ina kiwango chake na haidaiwi mpaka mali ifike nisabu, lakini nayo iandike.

Halafu muda. Msabato hapalilii Jumamosi hata kama magugu yanakimbizana na pamba.

Halafu mambo ya nyumbani, ambayo huwa mazito kuliko fedha: pombe, mke wa pili, tambiko la ukoo ambalo wajomba wanategemea ulisimamie. Mwenye wake wawili akienda kuomba ubatizo ataulizwa maswali ambayo huwezi kuyaandikia shilingi.

Ukimaliza utaona dau si sifuri. Pascal mwenyewe hakudai ni sifuri. Alisema unachotoa kina mwisho, na unachoweza kupata hakina mwisho. Anayekuambia ni bure kabisa, ujue yeye hajawahi kulipa.

Mtenganishe Mungu na anayepokea dau

Hapa ndipo wengi wanapoliwa, kwa hiyo tulia kidogo.

Kumbuka Loliondo, 2011. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, ng'ambo ya Serengeti ukitokea huku kwetu. Bei ilikuwa shilingi 500. Watu wakaenda kwa maelfu, kwa malori, kwa Noah, kwa magari ya kukodi. Wengi walikwenda na hesabu ya kijiweni: ni mia tano tu, isipofanya kazi nimepoteza nini? Walipoteza nauli. Walipoteza siku kwenye foleni iliyokatisha porini. Wapo wagonjwa waliofia njiani, na wapo walioacha ARV kwa kuamini wamepona. Mwasapila alifariki 2021. Kikombe kilikuwa cha mia tano kweli, lakini dau halikuwa mia tano.

Au DECI, ile taasisi ya upatu iliyofungwa na serikali 2009. Ilisimamiwa na wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya madhabahuni: unapanda mbegu, unavuna. Waliopanda mwishoni hawakuvuna kitu.

Kuna hesabu za kutisha zaidi. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, wengi wakiwa wameshauza mali zao. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, makaburi yalifukuliwa na ikatolewa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa wafunge mpaka wafe. Miongoni mwao walikuwemo watoto, ambao hawakuulizwa kama wanataka kuweka dau.

Basi weka mipaka yako kabla hujaingia popote, ukiwa na akili timamu na tumbo limeshiba. Huachi dawa za hospitali. Huuzi shamba wala ng'ombe. Hukati undugu. Mtoto haondolewi shule. Ukiambiwa uvuke mpaka mmoja tu kati ya hiyo, ondoka siku hiyohiyo, wala usione umemkosea Mungu. Michango nayo omba risiti. Penye nia njema, swali la mapato na matumizi halimtoi mtu jasho.

Na mpaka mmoja uuwekee kufuli: usikubali kamwe dau ambalo mlipaji ni mtu mwingine. Kanda yetu inalijua hili kwa uchungu. Bibi vizee wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wamekatwa mapanga, watu wenye ualbino wamewindwa, kwa sababu mtu fulani alikwenda kupigiwa ramli "kwa tahadhari tu" akatajiwa mtu.

Chagua moja

Pascal alipiga hesabu kana kwamba mezani kuna vitu viwili tu: Mungu wa Wakristo, au kutoamini. Wewe uko Bariadi. Hapa kuna AICT, kuna Katoliki, kuna Wasabato, kuna Wapentekoste wenye spika kubwa, kuna msikiti. Nyumbani kuna masamva, mizimu ya ukoo, ambayo nayo inadai haki yake. Kila mmoja anaweza kukuambia, "Njoo kwangu, hutapoteza kitu." Denis Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, aliliona tundu hilo: akasema imamu naye angeweza kuitumia hoja ya Pascal vilevile. Hoja inakuambia weka dau. Haikuambii wapi.

Ndiyo maana wengi huku wanaweka kote. Jumapili kanisani. Katikati ya wiki kwa nfumu, yaani mganga, kuku anapasuliwa, matumbo yanasomwa, mgonjwa anarudi na dawa ya kufukiza. Sitaki kuwacheka. Mtu mwenye mtoto anayeungua homa anatafuta usalama popote. Ila kihesabu, mkeka huo umechanika kabla mechi haijaanza. Amri ya kwanza kati ya zile kumi inakataza miungu mingine. Kwa Uislamu, shirki ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukiweka kote kote, huko kanisani au msikitini ulikoweka unahesabiwa umekosea kwa sheria zao wenyewe. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa zinaweza kukuponyoka zote.

Kwa hiyo uchaguzi uufanye kwa kutumia vitu vingine. Soma kitabu chao mwenyewe, usitegemee dondoo za kwenye simu. Zungumza na mtu aliyedumu humo miaka mingi, kisha mtafute aliyetoka. Angalia mjane anatendewaje baada ya matanga kwisha. Hiyo ya mwisho itakufundisha zaidi ya mahubiri kumi.

Babu zako waliupitia mtihani huu. Misheni ya Nassa, Busega ya leo, iliingia mikononi mwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na AICT ya leo imetoka kwenye kazi hiyo. Waliojiunga walitakiwa kuachana na pombe na ngoma. Kwa Msukuma, hilo lilikuwa dau haswa.

Usijilazimishe kuamini, anza kutenda

Jaribu sasa hivi kuamini kwamba mto Simiyu unamwaga maji yake Bahari ya Hindi. Uahidiwe hata ng'ombe mia. Umeshindwa, maana unajua unaingia Ziwa Victoria. Unaweza kusema kwa mdomo, lakini ndani moyo hauendi. Imani haifuati amri, hata zawadi ikiwa kubwa namna gani.

Pascal alilijua hilo. Alimshauri mwenye shaka afanye yale waumini wanayoyafanya: achovye maji ya baraka, ahudhurie misa, na moyo utazoea polepole. Wapo wanaosema huko ni kujidanganya kwa makusudi, na mimi naona wana hoja. Mazoea yanaweza kukuaminisha hata uongo.

Fanya hivi badala yake: anza na matendo ambayo hata ikija kujulikana Mungu hayupo, hutajuta kuyafanya. Acha kuitia pamba maji na mchanga ili iongeze uzito kwenye mizani. Lipa deni la jirani uliyekuwa unamkwepa njiani. Mtembelee mgonjwa ambaye si ndugu yako. Kaa kimya nusu saa bila simu. Omba, ukiweza. Hayo yote yamo kwenye dini zote kubwa zilizoko mtaani kwako, na hakuna hata moja litakalokufilisi.

Jipe msimu mmoja, tangu kupanda hadi kuuza. Usijipime kila siku.

Na usijidanganye kwamba unaweza kukaa pembeni bila kuamua. Mkulima anayengoja ahakikishiwe mvua ndipo apande, Novemba inampita, na shamba lake linakuwa limeshaamua kwa niaba yake. Miaka yako nayo inakwenda hivyo. Hoja ya Pascal naikubali zaidi hapo kuliko mahali pengine popote: wewe tayari umo mchezoni.

Mwambie Mungu ukweli

Hesabu ya "nikiamini nimepona" ina shimo moja ambalo vitabu vyenyewe vinalionyesha. Kwenye kitabu cha Ayubu, shetani anauliza kama Ayubu anamcha Mungu bure, au kwa sababu analipwa vizuri. Kitabu kizima kinazunguka swali hilo. Suratul Hajj, aya ya 11, inamtaja mtu anayemwabudu Mungu akiwa ukingoni: ikija heri anatulia, ukija mtihani anageuka. Na wanafiki katika Qur'ani hawakuwekewa mahali pazuri.

Maana yake, kama Mungu yupo na anaijua mioyo, anajua kwamba umekuja na mkeka. Usimfiche. Sema kwa maneno yako: "Sina hakika kama upo. Nimekuja kuangalia." Hiyo ni sala nzuri kuliko kiitikio cha dakika kumi usichokiamini. Asipokuwepo, hukumdanganya mtu. Akiwepo, mmeanza kwa ukweli.

Ukifika mwisho wa msimu na bado huoni kitu, sema hivyo pia. Usilazimishe ushuhuda ili upigiwe vigelegele.

Dau hili ni lako peke yako

Usiende nalo hospitalini kumtisha mgonjwa. Usiende nalo msibani kumwambia mfiwa kwamba marehemu wake alikosea hesabu. Mtoto wako mkubwa akisema haamini, muulize sababu zake na umsikilize mpaka amalize. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuamini anachotaka, na huyo bwana mdogo yumo.

Sasa fanya jambo moja wiki hii. Chagua nyumba moja ya ibada, nenda bila kuahidi kitu, kaa viti vya nyuma au safu ya mwisho. Ukitoka, mwamkie mzee mmoja wa pale, umuulize swali lako gumu kuliko yote. Akikujibu kwa upole, hata kama jibu halijakuridhisha, rudi tena. Akikufokea, nenda kwingine.