Je, Ni Kweli Kwamba Kompyuta Haidanganyi?

Miongoni mwa maneno yaliyoenea siku hizi maofisini na madukani ni neno hili: "Kompyuta haidanganyi." Huambiwa mteja aliyekuja kulalamika kwamba salio lake limepungua. Huambiwa karani ambaye fedha za sanduku lake hazilingani na hesabu. Na mara nyingi husemwa kwa nia ya kuyafunga mazungumzo. Katika somo hili twataka kulipima neno hilo, tuone lina ukweli kiasi gani, na ni upi wajibu wa mtu mwadilifu pindi mashine inapotoa ushahidi dhidi ya mwenzake.

Maana ya dai lenyewe

Kudanganya kwahitaji nia. Mwongo ni yule aijuaye kweli kisha akasema kinyume chake. Kwa maana hiyo ni sahihi kabisa kwamba kompyuta haidanganyi, kwa kuwa haina nia wala haijui lolote. Lakini kutokudanganya si sawa na kutokukosea. Mtoto mdogo aliyefundishwa kwamba saba na nane ni kumi na sita hadanganyi anapolisema jambo hilo. Hata hivyo jawabu lake ni kosa.

Yafaa ifahamike kwamba kompyuta hufuata programu, na programu ni maagizo yaliyoandikwa na wanadamu. Programu kubwa ina mistari mamia ya maelfu, na huandikwa na watu wengi kwa muda wa miaka. Mwandishi mmoja akisahau hali moja inayoweza kutokea, mashine italitekeleza kosa lake kwa utii ule ule inaotekelezea maagizo yaliyo sahihi. Tena kosa la namna hiyo laweza kulala kimya siku elfu moja, likatokea siku moja tu, mambo fulani yanapokutana. Basi mtu akijaribu mara kumi na kuona hesabu zote ni sawa, bado hajathibitisha kwamba ya kumi na moja haitakosewa.

Mfano wa Posta ya Uingereza

Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa chini ya kampuni ya Fujitsu ya Japani. Mengi ya matawi hayo yaliendeshwa na mawakala: watu wa kawaida wenye duka dogo kijijini au mtaani, waliouza stempu, kulipa pensheni na kupokea amana za watu. Kwa mkataba wao, mawakala hao walidaiwa na Posta kila upungufu ulioonekana katika hesabu.

Haukupita muda, mfumo ukaanza kuonyesha upungufu ambao wenyewe hawakuweza kuueleza. Lee Castleton, wakala wa mji wa Bridlington, alipiga simu ya msaada mara 91 akiomba atazamiwe hesabu zake. Mwaka 2007 alishindwa kesi, akaamriwa kulipa gharama za Posta paundi 321,000, ilhali upungufu aliodaiwa ulikuwa paundi 25,000 na ushei tu. Akafilisika. Jo Hamilton, wakala katika kijiji cha South Warnborough, aliona upungufu wa paundi elfu mbili ukigeuka kuwa elfu nne mbele ya macho yake, huku akifuata maelekezo aliyopewa kwa simu. Seema Misra alifungwa gerezani mwaka 2010 hali ana mimba.

Kwa jumla, watu zaidi ya 900 walihukumiwa kati ya mwaka 1999 na 2015 katika kesi zilizohusu hesabu za Horizon. Wengi wao walishtakiwa na Posta yenyewe, kwani sheria ya huko humruhusu hata asiye serikali kufungua mashtaka ya jinai. Hivyo aliyedai fedha, aliyechunguza na aliyeshtaki alikuwa mmoja.

Kosa la programu hutokeaje?

Msomaji aweza kuuliza: Fedha zawezaje kupotea katika hesabu bila mtu kuziiba? Tutazame tukio moja lililoeleweka vizuri, la tawi la Dalmellington huko Scotland mwaka 2015. Wakala alikuwa akithibitisha katika kompyuta kwamba amepokea paundi 8,000 taslimu. Akabonyeza kitufe cha kukubali, lakini maandishi katika kioo yakabaki vile vile, kana kwamba mashine haikusikia. Akabonyeza tena, na tena. Kumbe kila alipobonyeza, programu iliandika mapokezi mapya ya paundi 8,000. Alipobonyeza mara nne, hesabu ilisema kwamba tawi limepokea paundi 32,000. Sandukuni mlikuwa na 8,000. Basi palizaliwa deni la paundi 24,000 ambazo hazijapata kuwapo duniani. Uchunguzi wa kampuni ulikuta matukio 112 ya aina hiyo katika muda wa miaka mitano.

Hapo hapana mwizi, wala hapana mashine iliyodanganya. Pana agizo moja lililosahauliwa: kwamba kifurushi kimoja cha fedha kisipokewe mara mbili.

Hoja zilizotolewa, na majibu yake

Hoja ya kwanza: "Wengine wote hawana shida, ni wewe peke yako." Maneno haya waliambiwa mawakala wengi, kila mmoja katika upweke wake. Hayakuwa kweli. Mwaka 2009 gazeti la Computer Weekly lilipochapisha habari za mawakala saba, ndipo wengine walipoanza kutambuana, na mwaka huo huo Alan Bates, aliyenyang'anywa uwakala wake huko Llandudno mwaka 2003, akawakusanya katika chama. Isitoshe, hata kama mtu angekuwa peke yake, upweke wa mlalamikaji si dalili ya uongo wake. Kosa la nadra humpata mtu mmoja kwanza.

Hoja ya pili: "Hakuna awezaye kugusa hesabu za tawi isipokuwa wakala mwenyewe." Hoja hii ikiwa kweli, upungufu wote hauna budi kurudi kwa wakala. Lakini Richard Roll, aliyewahi kufanya kazi Fujitsu, alieleza hadharani mwaka 2015, na kisha mahakamani, kwamba mafundi waliweza kuingia katika hesabu za matawi kutoka mbali na kuzibadili bila wakala kujua. Twaona hapa faida ya mfanyakazi mmoja anayeijua mashine kwa ndani na asiyenyamaza.

Hoja ya tatu: "Baadhi yao walikiri wenyewe." Hii ndiyo hoja yenye sura ya nguvu kuliko zote, nayo yahitaji kufafanuliwa. Wakala hakuweza kufungua hesabu za kipindi kipya mpaka azikubali zile za kipindi kilichokwisha. Asipokubali, duka halifanyi kazi ya posta asubuhi. Akikubali, ametia sahihi kwamba fedha zipo ilhali hazipo, na hilo ni kosa la jinai la kuandika hesabu za uongo. Kisha mshtaki humwambia: kiri kosa hili, nasi tutaliondoa shtaka la wizi. Jo Hamilton alikubali namna hiyo ili aepuke gereza. Je, kukiri kwa mtu aliyezibiwa milango yote miwili ni ushahidi wa wizi? La hasha. Ni ushahidi wa jinsi alivyobanwa.

Upande wa sheria

Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta kuonyesha kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo likafutwa na sheria ya mwaka 1999, mwaka ule ule Horizon ilipoanza kuenea. Tangu hapo mahakama zilianza kwa kudhania kwamba mashine ni nzima, na aliyetaka kusema vinginevyo ilimpasa yeye kuonyesha kasoro. Lakini mwenye duka dogo angeionyeshaje, na hali kumbukumbu zote za mashine zi mikononi mwa wale wanaomshtaki?

Hatimaye mawakala 555 waliishtaki Posta kwa pamoja. Desemba 2019 Jaji Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro nyingi, na kwamba kasoro hizo ziliweza kusababisha upungufu katika matawi. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, akiwamo Jo Hamilton na Seema Misra. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla, na Scotland ikapitisha yake mwaka huo huo. Lakini taarifa ya uchunguzi wa umma iliyotolewa Julai 2025 ilieleza kwamba huenda watu 13 au zaidi walijiua kwa sababu ya mambo hayo. Kwao hukumu ya mahakama ilichelewa.

Wajibu wetu

Pengine mtu atasema: "Basi tuziache kompyuta na turudi kwenye daftari." Hatusemi hivyo. Daftari nalo hukosewa, tena huchezewa kwa urahisi. Tunachosema ni kwamba taarifa ya mashine yapasa ipimwe kama ushahidi mwingine wowote upimwavyo. Nasi twaona mambo matatu yawapasayo watu watatu.

Kwanza, yule anayeandika au kutunza programu. Akijua kasoro, ni amana mikononi mwake. Kuificha ili kampuni isiaibike ni kumwachia mtu asiyemjua alipe deni lake.

Pili, yule anayetumia mashine kazini. Hesabu zisipolingana, asitie sahihi kwa haraka ili siku ipite. Aandike saa, kiasi, na kila alichobonyeza; atunze stakabadhi za karatasi; aliripoti jambo hilo kwa maandishi, naye abaki na nakala. Castleton alikuwa na haki tangu simu ya kwanza, lakini mwenye haki huhitaji pia kumbukumbu.

Tatu, yule mwenye mamlaka ya kutuhumu. Kabla ya kumwita mwenzake mwizi, na aulize: Fedha hizo zimeonekana wapi? Mtu huyu amenunua nini asichokuwa nacho? Je, wako wengine waliolalamika kama yeye? Na aliyekagua mashine ni nani, na analipwa na nani? Maswali haya hayahitaji elimu ya kompyuta. Kila mzee wa baraza aliyewahi kusuluhisha kesi ya ng'ombe angeyauliza. Lililokosekana huko Uingereza kwa miaka mingi halikuwa ujuzi wa mashine, bali mtu wa kumuuliza mshtaki maswali yale yale aliyoulizwa mshtakiwa.

Basi, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba kompyuta haidanganyi, mkubalie, kisha umwombe akuonyeshe ni nani aliyethibitisha kwamba haikukosea.