Ndama Akihara, Anza na Umri Wake

Kwetu Rungwe mvua haitupi nafasi, na banda likilowa wanaoumia kwanza ni ndama. Majirani huniita wakiona mharo, na mara nyingi nafika sindano ya OTC, antibiotiki, imeshachomwa. Swali langu ni lilelile: "Mama, huyu kazaliwa lini?"

Umri hupunguza washukiwa. Ndama wa siku 1 hadi 4 anayehara majimaji, namshuku E. coli, bakteria anayeua upesi mno: asubuhi ndama ananyonya, jioni hainuki. Kuanzia kama siku ya 5 hadi wiki ya 3 ndio wakati wa rotavirusi, koronavirusi na kriptosporidia, kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Mara nyingi huvamia kwa pamoja. Koksidia, vimelea wenye mharo wa damu na kujikamua, kwa kawaida huja wiki ya 3 ikishapita. Damu na homa kali kwa ndama mchanga hunipa hofu ya salmonela. Hapo daktari wa mifugo anaitwa siku hiyohiyo. Rangi ya kinyesi isikudanganye, uhakika unatoka maabara.

Sasa ile sindano: haigusi virusi wala kriptosporidia. Kinachowaua ndama wengi ni upungufu wa maji na chumvi mwilini, na huo unaupima kwa mkono wako. Bana ngozi ya shingo, ivute, iachie. Ikichelewa zaidi ya sekunde 2 kurudi, maji yamepungua. Tazama kama jicho limezama. Kisha tia kidole safi mdomoni: mdomo ukiwa wa baridi na hanyonyi kidole, usimnyweshe kwa nguvu, maji yataingia mapafuni. Huyo anahitaji dripu.

Anayenyonya bado, mpe ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) ya ndama, au ya binadamu ukikosa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu. Mimi hutoa hadi lita 2 kwa mara, mara 2 au 3 kwa siku, saa chache mbali na maziwa. Maziwa usimkatie! Ushauri wa kumfungisha ndama ili "tumbo lipumzike" unanisikitisha sana, kwa sababu mnyama anayehara anakonda huku ananyimwa chakula.

Kinga kubwa ni dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Ndama wa kilo 30 apate lita 3 ndani ya saa 2 za kwanza, na apewe tena kabla ya saa 12 kupita. Baada ya siku moja utumbo haupitishi tena kinga hiyo kwenda kwenye damu, hata ukimpa debe zima. Ng'ombe akizaa usiku, amka ukamue.

Halafu matandiko. Piga goti kizimbani. Goti likilowa, toa nyasi zote uweke kavu. Mayai ya kriptosporidia hayafi kwa klorini, ila maji yanayochemka na jua kali yanayaweza, kwa hiyo ndoo na chuchu huoshwa, humwagiwa maji ya moto, kisha huanikwa. Wazima walishwe kwanza, wagonjwa mwishoni. Na watoto wanaopenda kunyonyesha ndama vidole, wanawishwe kwa sabuni, maana kriptosporidia na salmonela huwapata binadamu pia.